Buluu Iliyobaki

Kiswahili kina maneno mengi ya kupotea kwa rangi, na kila neno lina mahali pake. Kanga huchujuka, kwa kuwa rangi yake huondoka na maji ya kufulia. Wino hufifia karatasini. Jani hunyauka. Ngozi ya mtu hupauka ikikosa mafuta, na ndiyo maana mama wa pwani hamruhusu mtoto kutoka kwenda chuoni kabla hajampaka mafuta ya nazi miguuni. Gari nalo, likikaa miaka mingi juani bila ya mtu wa kulitazama, husemwa kuwa limepauka. Aliyelitumia neno hilo kwa gari mara ya kwanza huenda hakulifikiria sana, lakini alilenga. Rangi ya gari la zamani hukauka juu, ikawa nyeupe kama goti la mtoto aliyetoka kucheza mchangani, na chini ya weupe huo rangi yenyewe ingalimo.

Watu wengi hawalijui hilo. Wakiona gari lililopauka hudhani limekwisha, wakalipeleka likapigwe rangi mpya. Wengine hujua kwamba linaweza kung'arishwa, ila hudhani kwamba kung'arisha ni kuongeza kitu. Mafundi wa zamani walijua kwamba kila anayeng'arisha anapunguza, na kwamba mng'aro unaorudi hulipiwa kwa rangi yenyewe. Yafuatayo ni habari ya gari moja lililong'arishwa hivyo, na ya ndugu wawili waliolazimika kuamua kiasi gani cha kupunguza.

Gari lenyewe ni Peugeot 404 ya rangi ya buluu, ile buluu nzito ya maji makuu anayoiona nahodha akishauacha mwamba nyuma. Lilikaa miaka kumi na sita chini ya mkungu, katika uwanja wa nyumba moja nje kidogo ya mji wa Unguja. Aina hiyo ya gari ilianza kutoka Ufaransa mwaka 1960. Umbo lake lilisanifiwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia, likapewa mapezi madogo mawili nyuma, kama ya samaki. Watu wa Afrika Mashariki waliipenda kwa sababu zao wenyewe: ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi wa 1966 na 1967 usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Vijana wa zama hizo walilitambua gari hilo kwa sauti tu, kabla halijatokeza kwenye kona.

Mzee aliyelinunua alikuwa karani wa serikali. Alilinunua Dar es Salaam mwaka 1971, likiwa limekwisha kutumika, akalivusha kwa meli. Mwaka 1979 alistaafu, akagundua kwamba kiinua mgongo hakitoshi kumsomesha binti aliyekuwa chuo cha ualimu na mwana aliyekuwa bado skuli. Akamwita mwandishi wa vibao, akaandikiwa TEKSI kwa rangi nyeupe kwenye milango miwili ya mbele, na tangu siku hiyo karani akawa dereva. Binti alimaliza chuo, akawa mwalimu. Mwana alikwenda kufanya biashara, akafanikiwa. Mzee alifariki mwaka 2003, na gari likabaki pale alipoliegesha siku ya mwisho. Mwaka 2019 Mwalimu, ambaye naye alikuwa amekwisha kustaafu, ndipo alipomwita fundi aje kulitazama.

Ili kuelewa alichokiona fundi, yafaa kwanza kujua rangi ya gari ni kitu gani. Magari ya mwanzo kabisa yalipakwa vanishi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na ilichukua wiki kadhaa mpaka yakauke. Ford, kwa gari lake la Model T, alishikilia rangi nyeusi peke yake tangu 1914 hadi 1925. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitoa rangi iliyoitwa Duco, iliyopulizwa kwa bomba na kukauka kwa saa badala ya wiki, na kampuni ya General Motors ikaanza kuitia kwenye magari yake ya Oakland. Tangu hapo magari yakawa ya kila rangi. Lakini rangi zote hizo, na zilizofuata kwa takriban miaka sitini, zilikuwa na jambo moja la pamoja: aghalabu zilikuwa moja kuanzia juu hadi chini. Buluu ya juu ndiyo buluu ya katikati, na ndiyo buluu iliyoshikana na praima, ile rangi ya kijivu au ya kahawia inayotangulia kupigwa kwenye bati.

Rangi ya namna hiyo ina vitu viwili vikubwa: unga unaotoa rangi, na gundi inayoushika unga huo na kuufunika. Gundi ndiyo inayong'aa. Jua, kwa ile mionzi yake ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, huishambulia gundi na kuikatakata. Unyevu na hewa humaliza kilichobaki. Gundi ya juu ikishaliwa, unga huachwa peke yake kama chaki ubaoni, na uso uliokuwa laini mfano wa kioo huwa na vishimo visivyohesabika. Mwanga unaoupiga uso laini hurudi kwa pamoja, nasi husema unang'aa. Ukipiga uso wenye vishimo hutawanyika kila upande, na jicho huona weupe. Weupe wa gari lililopauka, kwa hiyo, haukupakwa na mtu. Ni mwanga uliokosa pa kushikamana.

Ushahidi wake ni mvua. Kila mtu aliyewahi kukaa na gari la namna hiyo ameliona jambo hili: mvua ya vuli ikinyesha, gari lililopauka hugeuka jipya. Buluu hurudi nzima, na wapita njia husimama kulitazama. Maji yameingia katika vile vishimo na kuusawazisha uso. Jua likitoka, gari hupauka tena likiangaliwa, kuanzia paa, kisha boneti, kisha milango. Mwalimu alikuwa amelitazama jambo hilo dirishani kwake kwa miaka kumi na sita, na ndilo lililomzuia asimruhusu mtu yeyote kulinunua gari kwa bei ya chuma.

Wapo wanaoujua ukweli huo wakautumia kwa hila. Gari lililopauka likipakwa mafuta ya nazi au mafuta ya taa asubuhi ya siku ya kuuzwa, hung'aa kama lililolowa, na mnunuzi hulipa. Baada ya wiki mbili vumbi limeshikana na mafuta, mafuta yamekauka, na gari liko vile vile au baya zaidi. Lakini hila hii nayo imejengwa juu ya elimu ya kweli, na watu wa pwani waliijua elimu hiyo muda mrefu kabla ya kuja magari. Mabaharia huzipaka mbao za vyombo vyao mafuta ya samaki, hasa ya ini la papa, ili jua lisizipasue, na mafuta hayo huitwa sifa. Chini ya maji chombo hupakwa deheni, ya shahamu na chokaa; juu ya maji hupakwa sifa. Mshairi atakayetaka kucheza na neno hilo ana nafasi, kwa kuwa kitu kikinyimwa sifa muda mrefu, kiwe mbao au mtu, hupasuka. Hata kampuni ya Meguiar's, ambayo leo wapenzi wa magari wanaijua kwa dawa za kung'arisha, ilianza Marekani mwaka 1901 kwa kutengeneza mafuta ya samani za mbao.

Fundi aliyeitwa na Mwalimu alikuwa mzee aliyepiga rangi magari kwa zaidi ya miaka thelathini na kisha akaacha kupuliza. Kifua chake kilikataa. Rangi nyingi za siku hizi huchanganywa na kigumishi chenye isosayaneti, kemikali ambayo mvuke wake huweza kumletea mtu pumu isiyomwacha tena, na gereji nyingi hazina kinga ila kitambaa kilichofungwa puani. Kwa hiyo akabaki na kazi za mkono: kusugua, kung'arisha, kuziba. Alilizunguka gari mara mbili bila ya kusema neno. Kisha akaufungua mlango wa dereva, akainua mpira unaozuia maji, akamwonyesha Mwalimu pahali ambapo jua halikuwahi kufika. Pale palikuwa na buluu ya kiwandani, nzito, kama iliyopakwa jana.

Akachukua kitambaa cheupe cha pamba, akakitia dawa kidogo, akasugua pembeni mwa mlango, pahali pa ukubwa wa kiganja.

"Mwalimu," alisema, "gari hili halijafa. Limekosa mafuta tu."

"Fundi, usinifariji."

"Sikufariji. Tazama kitambaa."

Kitambaa kilikuwa cha buluu. Hicho ndicho kipimo. Magari mengi yaliyotoka viwandani tangu miaka ya 1980, yakiwemo yale ya Kijapani yaliyotumika ambayo yameijaza Zanzibar tangu miaka ya 1990, rangi yake ni nyembamba, na juu yake limepulizwa tabaka jingine lisilo na rangi, mfano wa kioo. Gari la namna hiyo likisuguliwa, kitambaa hakitoki na rangi. Nalo likiharibika haliwi na chaki. Kile kioo chake huambuka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, na hapo hakuna mkono unaoweza kukirudisha. Gari la zamani huonekana baya mapema, lakini uponyaji wake umo ndani yake lenyewe. Gari jipya hupendeza kwa muda mrefu, na likianguka limeanguka.

Ndugu yake Mwalimu alipopata habari alisafiri kutoka Dar es Salaam, akasema fedha ipo, gari lipelekwe likapigwe rangi upya, buluu hiyo hiyo kama dada anaipenda. Fundi akamjibu kwa adabu kwamba linawezekana. Akamwonyesha kutu iliyoanza chini ya sakafu na kwenye kingo za matao ya magurudumu. Akasema kwamba mpiga rangi wa haraka ataifunika kutu kwa plasta, atapuliza juu yake, na gari litang'aa kwa mwaka mmoja au miwili huku likiliwa ndani. Wazee wa visiwani huuita uzuri huo uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Rangi ya zamani, kwa upande wake, haina siri: penye kutu huonyesha kutu. Iliamuliwa kwamba kutu itibiwe kwanza pale ilipo, na rangi iliyobaki ijaribiwe.

Kazi ilianza kwa maji. Gari la pwani hubeba chumvi na mchanga laini, na anayelisugua kabla ya kuliosha hulikwaruza kwa mkono wake mwenyewe. Liliogeshwa mara tatu. Kinyesi cha kunguru, wale kunguru wa Bara Hindi walioletwa Unguja katika miaka ya 1890, kilikuwa kimeila boneti katika sehemu kadhaa, kwa kuwa ni kikali, na jua hukipika juu ya bati. Majani na matunda ya mkungu yalikuwa yameacha madoa ya kahawia. Mengine yalitoka, mengine yalikuwa yamekwisha kuwa sehemu ya gari.

Siku ya pili haikuwa na kusugua. Fundi alilipaka gari zima dawa nzito yenye mafuta, akaifikicha polepole kwa kitambaa laini, kisha akaiacha ilale usiku kucha. Kijana aliyekuwa akimsaidia alitaka kuanza na msasa wa maji, au angalau na ile dawa kali ya kusugulia ambayo mafundi huiita kampaundi, kwa kuwa huleta mng'aro kwa dakika chache. Fundi akamkataza. Rangi iliyokauka, alimweleza, ni kama ngozi iliyokauka: ukiikwangua kabla ya kuilainisha, inatoka yote. Asubuhi mafuta yalikuwa yamenywewa. Paa, ambalo ndilo lililopigwa na jua zaidi, lilikunywa mara tatu kabla ya kutosheka.

Baada ya hapo ndipo waliposugua, kwa mkono, kivulini, sehemu ndogo ndogo zisizozidi upana wa kanga iliyokunjwa mara nne. Siku ya kwanza vitambaa vilitoka na chaki ya samawati iliyofifia. Siku ya pili vilitoka vya buluu zaidi. Vilipojaa ndoo, Mwalimu aliagiza viende kufuliwa.

"Usivifue pamoja na nguo, Mwalimu," fundi alimwambia. "Huo si uchafu. Hilo ni gari."

Kwa neno hilo Mwalimu alifahamu hesabu ya kazi yenyewe. Rangi yote ya gari, pamoja na praima yake, aghalabu haizidi sana sehemu mia moja za elfu za milimita, na unywele wa mtu una takriban sabini. Buluu yenyewe ni sehemu tu ya unene huo. Miaka arobaini na minane ya Unguja ilikuwa imekwisha kuchukua fungu lake, na kila mara mzee alipoling'arisha kwa sikukuu, naye alikuwa amechukua fungu lake. Kilichobaki hakikuweza kupimwa kwa macho. Kwenye kingo na migongo ya bati, kama vile juu ya yale mapezi mawili ya nyuma, huwa ni kidogo zaidi, kwa kuwa rangi ikikauka hujivuta kutoka kwenye ncha, na mkono unaosugua hubonyeza pale pale. Fundi alizibandika sehemu hizo utepe wa karatasi ili kijana asijisahau. Hata hivyo katikati ya paa, pahali pa ukubwa wa sahani, kijivu cha praima kilitokeza. Fundi alisimamisha kazi, akapagusa kwa kidole, akasema: "Hapa mzee alipamaliza mwenyewe." Waliendelea pengine.

Ilikuwa siku ya nne, milango ya mbele iliposafika, ndipo maandishi yalipoonekana.

Kivuli cha maandishi ni jambo linalojulikana na kila fundi wa rangi. Herufi zikiandikwa juu ya gari, hulikinga jua lisiifikie rangi iliyo chini yake. Siku zikiondolewa, rangi iliyokuwa chini huwa nzito kuliko ya pembeni, na herufi husomeka ijapokuwa hazipo. Chaki ilikuwa imezifunika herufi hizo kwa miaka mingi. Ilipoondoka, neno TEKSI lilisimama kwenye milango yote miwili, buluu juu ya buluu.

Mwalimu alilitazama akatabasamu. Nduguye alisema neno moja tu: liondoshwe.

Fundi alidhani ni suala la kupendeza, akaanza kueleza kwamba ukisugua zaidi tofauti itapungua. Lakini halikuwa suala la kupendeza, na ndugu hawa wawili walikuwa wakilijua hilo tangu mwaka 1988. Mwaka huo mwana alioa. Gari la bwana harusi lilikuwa hilo hilo, na wakwe walikuwa watu wenye kujiona. Usiku wa kuamkia siku ya kwenda kumchukua bibi harusi, mzee alitoka nje na taa, petroli na wembe, akayafuta maandishi kwa mkono wake, herufi moja baada ya nyingine, mlango huu kisha mlango ule. Hakuombwa na mtu. Mwana aliamka akaliona gari lilivyo, akafurahi, akapanda. Hakusema kitu siku hiyo, wala siku nyingine yoyote katika miaka kumi na mitano baba yake aliyoendelea kuishi.

"Dada, baba mwenyewe aliyafuta," alisema sasa. "Sisi ni nani wa kuyarudisha?"

"Hatuyarudishi. Yamo."

"Kama yamo, yaondoke. Alitaka yaondoke."

"Alitaka wewe usione haya," Mwalimu alijibu. "Hakuona haya yeye. Mimi nimesoma kwa milango hii, na wewe umesoma kwa milango hii."

Kila mmoja wao alikuwa na haki mkononi. Anayesema kwamba matakwa ya marehemu yaheshimiwe amesema kweli, kwa kuwa mzee alichagua, na alichagua kwa mapenzi. Anayesema kwamba kazi ya marehemu isifichwe naye amesema kweli, kwa kuwa mtu hujulikana kwa alichokifanya kuliko kwa alichokificha usiku mmoja kabla ya harusi. Mabishano ya namna hii hayapo kwenye magari peke yake. Yapo katika kila nyumba ya zamani inayotengenezwa, katika kila diwani linalohaririwa baada ya mtungaji kufa: beti alizozikata mwenyewe zichapwe au zisichapwe? Mhariri mmoja atajibu kwa kumpenda mshairi, mwingine atajibu kwa kulipenda shairi.

Fundi ndiye aliyelirudisha jambo hilo kwenye bati. Alieleza kwamba herufi zinaweza kupunguzwa, lakini haziwezi kuondolewa zote, maana jua lilikwisha kuizidi rangi ya pembeni kwa miaka tisa, na tofauti hiyo imeingia ndani. Atakayetaka zitoweke kabisa itambidi asugue mpaka afike kwenye praima, kisha milango ipulizwe rangi mpya. Na buluu mpya haitalingana na buluu ya miaka ya 1960 iliyobaki kwenye boneti. Mtu atakayelitazama gari atauliza kwa nini milango ni ya rangi nyingine. Kwa kulificha neno moja, watakuwa wameandika jingine.

Kisha akachukua kitambaa kipya, akakitia dawa, akampa ndugu mtu.

"Sugua wewe, bwana. Ukiona panatosha, acha."

Yule bwana alivua saa, akakunja mikono ya kanzu. Hakuwa amezoea kazi ya mkono, na mwanzoni alibonyeza mno, mpaka fundi akamwekea mkono begani. Alisugua mlango wa dereva kwa muda wa saa moja. Herufi zilififia: kwanza kingo zake zikalainika, kisha T ikawa nyepesi, kisha zote zikawa kama maandishi yanayoonekana kwa nyuma ya karatasi. Kitambaa kilikuwa buluu tupu. Alikigeuza, akakitazama pande zote mbili, akaendelea kidogo, akapunguza mwendo. Hapakuwa na aliyemwambia basi. Alipoacha, neno lilikuwa bado linasomeka kwa anayesimama upande wa mashariki asubuhi, jua likiwa chini. Mchana halionekani. Mlango wa pili hakuugusa; alimwomba fundi aufanye uwe sawa na huu.

Gari lilipomalizika lilipakwa nta ya karnauba, ambayo hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya minazi uotao kaskazini-mashariki mwa Brazili. Mti huo huitoa nta majanini ili kuzuia maji yake yasikaushwe na jua, na gari huipata kwa sababu hiyo hiyo. Katika joto na unyevu wa pwani nta haidumu zaidi ya miezi michache, kwa hiyo hurudiwa. Kusugua hakurudiwi. Ndugu mtu aliuliza ni mara ngapi gari linaweza kufanyiwa kazi kama ile. Fundi alimjibu kwamba kwa mafuta na nta, maisha yote, maadam liko kivulini. Kwa dawa ya kusugulia, pengine mara moja tena. Kwa msasa, hata hiyo moja haipo.

Halikuwa jipya. Paani palikuwa na kijivu cha ukubwa wa sahani, boneti ilikuwa na alama za kunguru, na mapezi yalionyesha mstari mwembamba wa praima kwenye ncha. Kwa mbali lilikuwa buluu ya maji makuu. Kwa karibu lilikuwa gari la mwaka wake, lililotumika na watu wanaojulikana. Liliondolewa chini ya mkungu, likajengewa banda la makuti lililo wazi pande mbili ili upepo upite. Turubai halikuwekwa juu yake, kwa kuwa turubai hufungia unyevu ukaleta kutu, na likipeperushwa na kusi hukwaruza kama msasa.

Kwa mwenye gari la namna hiyo, linalopauka uwanjani huku akisubiri siku ya kuwa na fedha za rangi mpya, yapo machache ya kushika. Alioshe kwa maji ya kutosha kabla ya kuligusa. Atazame ndani ya mlango, chini ya mpira, aijue rangi anayoitafuta. Ajaribu kitambaa cheupe pahali pa siri. Aanze na mafuta, na asiwe na haraka ya kwenda kwenye dawa kali. Na akiona kitambaa kinazidi kuwa buluu ilhali gari halizidi kuwa zuri, aache hapo hapo alipofika, maana kinachotoka baada ya hapo ni kile alichotaka kukihifadhi.